Je, Wajua? Maporomoko Yenye Saa za Kazi

Upande mmoja Kanada, upande wa pili jimbo la New York, na katikati Mto Niagara: mto mfupi wa kilomita 58 tu, unaotoka Ziwa Erie na kumwaga maji Ziwa Ontario. Ukingo wa upande wa Marekani ni hifadhi ya jimbo iitwayo Niagara Falls State Park, kongwe kuliko hifadhi zote za majimbo nchini humo. Picha ya maporomoko yake umeiona kwenye kalenda hata kama hujawahi kupanda ndege. Yafuatayo hayamo kwenye kalenda.

Maji huongezwa saa 2 asubuhi

Maporomoko haya yana ratiba, na ratiba yenyewe imo kwenye mkataba wa nchi mbili. Mwaka 1950 Marekani na Kanada zilikubaliana kwamba kuanzia Aprili Mosi hadi katikati ya Septemba, kati ya saa 2 asubuhi na saa 4 usiku, maji yanayoporomoka yasipungue mita za ujazo 2,832 kwa sekunde. Hayo ni kama maboza 280 ya lita elfu kumi kumi, yakimwagwa yote kabla hujamaliza kusema "moja". Kuanzia hapo hadi mwisho wa Oktoba wageni hufungiwa mapema, saa 2 usiku. Usiku wa manane na majira yote ya baridi, kiwango kinaweza kushushwa hadi nusu.

Maji mengine huingizwa kwenye mahandaki yaliyochimbwa chini ya ardhi, yakaenda kuzungusha mitambo ya umeme ya nchi zote mbili. Mgawo unasimamiwa na kizuizi chenye mageti 18 kilichojengwa juu kidogo ya maporomoko. Na hapa ndipo panaponichekesha: mto ukiachiwa wote hupitisha wastani wa mita za ujazo 5,700 kwa sekunde. Maana yake, hata ukifika mchana wa Julai, ukalowa chapachapa na kupiga kelele kwa mshangao, umeona nusu tu.

Zamani ulilipa ili uchungulie kwenye tundu la uzio

Kufikia miaka ya 1870 ukingo wote wa upande wa Marekani ulikuwa mali ya watu binafsi. Kulikuwa na viwanda, vibanda na uzio, na hapakubaki mahali ambapo mtu angeweza kuyaona maporomoko bila kutoa senti. Wengine walitozwa kwa kuchungulia tu.

Frederick Law Olmsted, mbunifu wa bustani ya Central Park ya New York, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampeni ya kuyakomboa. Jimbo likakubali kukopa dola zaidi ya milioni 1.4, likanunua ardhi, likabomoa viwanda, na Julai 15, 1885 hifadhi ikafunguliwa kwa umma. Mpaka leo hakuna kiingilio cha getini: utalipia maegesho ya gari, boti na lifti, lakini kuyatazama ni bure, saa 24, kila siku ya mwaka. Olmsted na mwenzake Calvert Vaux walichora njia za miguu zinazopinda makusudi, ili mtu ausikie mto kabla hajauona. Ukitembea pale huku umeinamia simu, umewakosea adabu wazee wawili.

Si marefu kiasi hicho

Maporomoko makubwa ya Niagara, yale yenye umbo la kwato ya farasi, yana kimo cha takriban mita 57. Yale ya Zambezi, Mosi-oa-Tunya yanayoitwa pia Victoria, yana mita 108 na upana wa mita 1,700 hivi. Kwa kimo, basi, Niagara ni mdogo wetu.

Niagara inashinda kwa wingi wa maji na kwa kutokaukiwa. Nyuma yake kuna maziwa makubwa manne, Superior, Michigan, Huron na Erie, na yote yanapitia mlango huu mmoja kwenda baharini. Zambezi hupungua mwezi Oktoba na Novemba hadi mwamba mrefu ukabaki mtupu. Niagara haijui kiangazi.

Yanatembea

Miaka kama 12,000 iliyopita, barafu kubwa iliyofunika eneo hilo ilipoyeyuka, maporomoko haya yalikuwa kilomita 11 kutoka yalipo leo, upande wa Ziwa Ontario. Yamerudi nyuma hatua kwa hatua. Juu kuna tabaka la mwamba mgumu, chini yake mwamba laini wa tope lililoganda. Maji huula ule laini, mgumu ukabaki ukining'inia bila nguzo, kisha siku moja ukakatika.

Zamani ukingo ulikuwa ukirudi mita moja na zaidi kwa mwaka. Siku hizi ni kama sentimita 30, kwa sababu maji mengi yamepelekwa kwenye mitambo. Lakini mara nyingine hauendi kidogo kidogo: Julai 1954 kipande cha ukingo kilichokuwa sehemu ya kusimama watazamaji kilimeguka, mawe tani 185,000 kwa pigo moja.

Mwaka 1969 yaliwahi kuzimwa kabisa

Mawe hayo yaliyomeguka yalirundikana chini ya Maporomoko ya Marekani, yale madogo ya upande wa hifadhi, na watu wakaingiwa na hofu kwamba siku moja yatageuka kuwa mteremko wa kawaida tu. Mwezi Juni 1969 kikosi cha wahandisi wa Jeshi la Marekani kilimwaga zaidi ya tani 27,000 za mawe na udongo kuvuka mkondo wa juu, kutoka ukingoni hadi kisiwa cha Goat Island. Ndani ya saa chache maporomoko yakawa ukuta mkavu. Maji yote yakaelekezwa upande wa Kanada.

Kwa miezi mitano wataalamu waliupima mwamba, wakautoboa, wakaukaza kwa vyuma na kuufunga vifaa vya kuonya ukisogea. Waliokota pia sarafu kwa mamilioni zilizorushwa na wageni kwa miaka mingi, na walikuta miili ya watu wawili. Hofu ya wafanyabiashara kwamba hakuna mgeni angekuja kutazama jabali tupu ilikuwa ya bure: watu walimiminika, wakatembea palipokuwa pakipita mto. Mwishoni ukatolewa uamuzi ambao mimi nauheshimu sana, kwamba mawe yaachwe palepale yalipoanguka. Tarehe 25 Novemba kizuizi kilivunjwa na maji yakarudi.

Na mara moja mto ulijizima wenyewe

Usiku wa Machi 29, 1848 wakazi waliamshwa na ukimya. Upepo mkali ulikuwa umesukuma barafu ya Ziwa Erie hadi ikaziba mdomo wa mto, na maji yakasimama. Vinu vya nafaka vikakwama, samaki wakabaki wakitapatapa kwenye madimbwi. Wenye ujasiri walishuka mtoni kwa miguu, na waliorudi walikuja na masalia ya bunduki na singe za vita vya mwaka 1812. Wengine walikimbilia makanisani wakidhani kiyama kimefika. Baada ya zaidi ya saa 30 barafu iliachia, na ole wake aliyekuwa bado anaokota.

Watu waliuza pombe juu ya mto ulioganda

Kila majira ya baridi vipande vya barafu vilirundikana chini ya maporomoko, vikashikana na kuwa daraja la kutoka nchi moja hadi nyingine. Familia nzima zilishuka kucheza hapo, na vibanda vya mbao vikajengwa kuuza vinywaji na kupiga wageni picha. Februari 4, 1912 daraja hilo lilikatika ghafla, watu watatu wakachukuliwa na mkondo. Tangu siku hiyo hairuhusiwi kukanyaga. Toka mwaka 1964, kila baridi inapokaribia, mlolongo wa maboya wenye urefu wa kilomita 2.7 hutandazwa pale ziwa linapoanza kuwa mto, ili kuizuia barafu isishuke kwa wingi.

Boti inayoendeshwa na maporomoko inayoyatazama

Safari za boti za Maid of the Mist zilianza mwaka 1846, na hazikuanza kama starehe. Zilikuwa kivuko cha abiria na mizigo. Miaka miwili tu baadaye daraja lilijengwa, abiria wakahama, na wenye boti wakagundua kwamba kumpeleka mtu karibu na hatari halafu kumrudisha ni biashara nzuri kuliko kumvusha.

Mwaka 2020 boti za dizeli zilistaafishwa, zikaingia mbili za umeme mtupu, za kwanza za aina yake kutengenezwa Marekani kwa kubeba abiria. Moja inaitwa Nikola Tesla. Huchajiwa gatini kwa takriban dakika 7 wakati wageni wakishuka na wengine wakipanda, na umeme wenyewe ni wa Mto Niagara. Koti la mvua la plastiki la buluu hutolewa pamoja na tiketi. Livae, lakini usilitegemee sana.

Ngazi za mbao zinazojengwa upya kila mwaka

Kivutio kiitwacho Cave of the Winds hakina pango tena. Lilianguka sehemu miaka ya 1950, na kilichobaki kikavunjwa kwa usalama. Badala yake unashuka kwa lifti takriban mita 53 ndani ya mwamba, unatokea kwenye ngazi na majukwaa ya mbao miguuni pa maporomoko membamba ya Bridal Veil. Jukwaa la juu liko mita 6 hivi kutoka kwenye maji yenyewe. Upepo wa pale hautokani na hewa ya siku hiyo bali na maji yanavyoishindilia hewa chini, kwa hiyo hata siku shwari utapigwa makofi ya uso.

Kila msimu wa mapukutiko mafundi hulibomoa jukwaa hilo, maana barafu ingelisaga. Kila majira ya kuchipua wanalijenga tena, ubao kwa ubao, wakisimama kwenye mawe yenye utelezi. Katika hifadhi nzima, hiyo ndiyo kazi ambayo ningetamani kuitazama kuliko maporomoko.

Wa kwanza kushuka ndani ya pipa na kuishi alikuwa mwalimu wa miaka 63

Oktoba 24, 1901, siku yake ya kuzaliwa, Annie Edson Taylor alijifungia kwenye pipa la mbao za mwaloni lililowekwa godoro ndani, akaachiliwa juu ya maporomoko ya kwato. Alitolewa chini akiwa hai, na jeraha dogo kichwani. Alikuwa mjane aliyechoka kuhangaikia riziki, na alitumaini kitendo hicho kingempa fedha za uzeeni. Hakikumpa. Alifariki mwaka 1921 akiwa fukara, baada ya kuishi kwa kuuza picha na vijitabu kwa watalii. Walioiga walikuwa wengi na baadhi hawakurudi. Leo ukijaribu, polisi watakusubiri chini ikiwa utafika chini.

Upinde wa mvua wa usiku, na taa zilizoufukuza

Mbalamwezi ikiwa kamili, ukungu wa maporomoko unaweza kutoa upinde wa mvua hafifu, mweupe kama moshi. Wageni wa karne ya 19 walivuka daraja dogo hadi Luna Island, kisiwa kilicho katikati ya maporomoko mawili, kwa ajili hiyo tu. Kisha zikaja taa za umeme, na tangu mwaka 1925 maporomoko yanamulikwa rangi za kila aina. Ni pazuri, sikatai, lakini upinde wa mwezi hauwezi kushindana na taa. Anayeutaka bado anaweza kuupata Zambezi, ambako hifadhi hufunguliwa usiku wa mwezi mpevu kwa kusudi hilo.

Wahudumu wa hoteli waliovusha watu

Kabla utumwa haujafutwa Marekani, matajiri wa kusini walikuja Niagara kupumzika, wakiwa na watumwa wao. Walifikia hoteli ya Cataract House, iliyokuwa jirani kabisa na maji yaendayo kasi, na wahudumu wake walikuwa Waafrika-Wamarekani. Mchana wahudumu hao walipakua supu kwa heshima zote, na nafasi ilipopatikana waliwachukua watumwa wa wageni hao hadi chini ya maporomoko na kuwavusha kwa mashua hadi Kanada, kwenye uhuru. Mkuu wao, John Morrison, anakumbukwa kwa kupiga makasia mwenyewe.

Mwaka 1856 Harriet Tubman, mtoro wa utumwa aliyerudi kuwaongoza wengine kwenye uhuru, alivuka na kundi lake kwa treni, kwenye daraja lililokuwa upande wa chini wa maporomoko. Kwa masimulizi yake, mmoja wao, Joe Bailey, aliitwa dirishani ayaone maporomoko. Akakataa hata kuinua kichwa. Alikiinua alipohakikishiwa kwamba wameshafika ng'ambo, na hapo akaanza kuimba.

Umeme ulisafiri kutoka hapa hadi mji mwingine

Novemba 1896 umeme wa Niagara ulifika Buffalo, mji ulio zaidi ya kilomita 30 mbali, kwa kutumia mkondo geu aliouhangaikia mvumbuzi Nikola Tesla. Leo hatushangai, lakini wakati huo wengi waliamini kwamba kiwanda lazima kijengwe pale maji yalipo. Sanamu ya Tesla imeketi Goat Island, zawadi ya Yugoslavia ya mwaka 1976, na watoto humkalia mapajani.

Mitambo ya sasa ya upande wa Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1961, ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,400. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina 2,115. Tofauti ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani, sivyo? Ujanja wa Niagara ni kwamba usiku, watalii wakilala, pampu hupandisha maji hadi kwenye bwawa la juu. Kesho yake mchana, mahitaji yanapopanda, yanaachiwa yakashuke tena kwenye mitambo.

Kizingia kinachogeuza mwelekeo

Kilomita chache chini ya maporomoko, korongo linakata kona kali na mto unazunguka humo kwa hasira. Juu yake kuna hifadhi nyingine ya jimbo, Whirlpool State Park, yenye ngazi za mawe zinazoshuka hadi kwenye maji. Kwa kawaida maji huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Maji ya mto yanapopunguzwa kwa ajili ya umeme, kizingia hugeuka na kufuata mishale.

Wavuvi wanalijua hilo bila kusoma kitabu. Vuli inapoingia huteremka korongoni alfajiri, taa kichwani, kuwinda samoni wanaopanda kutoka Ziwa Ontario, na jicho moja huwa kwenye kamba, jingine kwenye jiwe walilosimamia. Mageti yakibadilishwa huko juu, maji ya korongoni hupanda au kushuka mita kadhaa katika siku moja.

Aina 19 za shakwe katika mto mmoja

Wapenzi wa ndege huja Niagara wakati ambao watalii wengine wanakimbia: Novemba na Desemba, vidole vikiganda. Shakwe zaidi ya 100,000 hukusanyika mtoni kwa sababu maji yaendayo kasi hayagandi, na aina 19 zimewahi kurekodiwa. Mwaka 2019 ukanda huo wa mto uliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wenye darubini husimama saa nzima wakibishana kuhusu rangi ya mguu wa ndege mmoja, na maporomoko yananguruma nyuma yao bila kuangaliwa.

Barabara kuu iling'olewa ili watu waufikie mto

Miaka ya 1960 barabara ya magari yaendayo kasi ilijengwa kandokando ya korongo, ikautenga mji na mto wake. Kati ya mwaka 2018 na 2020 kipande chake cha takriban kilomita 3 kiling'olewa, lami yote, na mahali pake pakapandwa nyasi na miti ya asili, pakachorwa njia za miguu na baiskeli. Ni mara chache kusikia serikali ikikata utepe kwa ajili ya barabara iliyoondolewa.

Alivuka kwa kamba, akaulizwa pasipoti

Mfaransa Blondin alilivuka korongo kwa kamba mwaka 1859, tena na tena. Siku moja alisimama katikati akapika kimanda, siku nyingine alimbeba meneja wake mgongoni. Lakini kamba yake ilikuwa mbele zaidi, mto unakoshukia, si juu ya maporomoko yenyewe. Aliyepita moja kwa moja juu ya maji yanayoporomoka ni Nik Wallenda, usiku wa Juni 15, 2012, baada ya jimbo la New York kupitisha sheria ya kumruhusu yeye. Alitembea kama dakika 25 ndani ya ukungu na upepo, akiwa amefungwa mkanda wa usalama kwa sharti la televisheni iliyorusha tukio hilo. Aliondoka Marekani kwa miguu na kuingia Kanada kwa miguu, kwa hiyo alipogusa ardhi maofisa wa uhamiaji walimtaka pasipoti. Aliichomoa. Alikuwa ameibeba muda wote huo, imehifadhiwa isilowe. Upande wa Kanada ulitangaza kwamba maombi ya namna hiyo yatafikiriwa mara moja tu kila miaka 20, kwa hiyo mwenye kamba na pasipoti hai anaweza kuanza mazoezi kwa ajili ya mwaka 2032.